Mpira Uliokwenda Mbele

Chuo cha Ashby, Iowa
16 Septemba 1894

Dada Hulda,

Nimefika mzima. Na kabla hujauliza: ndiyo, nakula, ndiyo, soksi zimekauka, na hapana, sijavunjika kitu. Bado.

Asubuhi nafundisha kemia chini ya Profesa Wadleigh, mzee mwenye ndevu zilizoungua upande mmoja kwa majaribio yake mwenyewe. Alasiri navua koti nakuwa mtu mwingine kabisa. Barua ya ajira iliniita mwalimu msaidizi, lakini hakuna aliyenidokeza kwamba chuo kizima kilikuwa kinanisubiri kwa ajili ya mpira, huu wetu wa Kimarekani wa kubebwa mikononi. Mimi ndiye kocha, na mimi huyo huyo ndiye mkimbiaji wa kushoto. Usicheke. Sheria inakataza mtu kutoa maelekezo akiwa nje ya mstari, hata kukohoa kwa maana fulani ni kosa, kwa hiyo kocha anayetaka kusikika lazima awe ndani, ale matope na wenzake. Tuko kumi na wanne kwa jumla, na wanaotakiwa uwanjani ni kumi na mmoja. Wote wamefuga nywele kama kondoo ili vichwa visipasuke.

Sasa kaa chini. Profesa Wadleigh anastaafu. Bodi ya Wadhamini itapiga kura kumchagua mrithi wake tarehe ishirini Desemba, na mzee amelitaja jina langu. Dada, nikipata kile kiti cha uprofesa, ndugu wa profesa anasoma hapa bila ada, na hapa wanawake wanakaa darasa moja na wanaume. Jana nimemwona binti mmoja anatoka kwenye hisabati, chaki mpaka kwenye nyusi. Nikakukumbuka unavyonifundisha mahesabu jikoni, kitabu kimoja watu wawili, halafu mimi nikaenda shule na wewe ukabaki na ng'ombe. Zamu yako inakuja. Niombee.

Mdogo wako,
Lemuel


Tamarack Creek
23 Septemba 1894

Lemuel,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mbili kwa furaha na moja kwa kutafuta ulichonificha. Hiyo "bado" nimeiona. Nimekulea toka una miaka sita, usinichezee.

Kwanza nikugombeze tumalize. Mtu mzima, ana miaka ishirini na tano na digrii yake, anagombania mpira wenye umbo la yai. Nilipomsomea Nils hapa jikoni akaweka kijiko chini. Akasema, "Kwetu Sweden watu wazima wakikabana hivyo, ni ugomvi wa mpaka wa shamba au wa mwanamke. Hawa wanagombania nini?" Swali la huyu mfanyakazi wangu nimekuwekea wewe ulijibu.

Hili la kusoma usiliandike kiwepesi hivyo. Nina miaka thelathini na tatu. Jambo hilo nililifukia siku tuliyomzika mama, nikalikanyagia udongo vizuri, na sasa umekuja na sepetu. Nataka. Nimeliandika hilo neno nikaliangalia muda mrefu. Nataka kusoma hisabati mpaka mwisho wake, kama ina mwisho. Ukikikosa kiti sitakulaumu, ila usije ukajifanya hujui ninachokitaka.

Haya, nieleze huo mchezo. Nani anasimama wapi, na anakatazwa nini? Nimepanga maharagwe mezani, meupe ni Ashby na mekundu ni wapinzani, na yamekwama hapo toka juzi kwa sababu sijui sheria. Chakula tunakilia magotini.

Dada yako,
Hulda


Chuo cha Ashby
14 Oktoba 1894

Dada,

Tumeshinda mara tatu mfululizo, kwa mbio za Tolliver na nguvu za Burdett, vijana wangu wawili. Nimeng'oka kucha moja, na niliomba iwe hiyo, ilikuwa inanisumbua.

Waambie maharagwe yako hivi. Ukiwa na mpira una majaribio matatu ya kusogea yadi tano. Ukishindwa, unawapa wapinzani. Ukiuvusha mstari wa mwisho na kuugusisha chini, pointi nne. Ukiupiga teke baada ya hapo ukapita juu ya mti wa goli, mbili zaidi. Uwanja umechorwa mistari ya chokaa kila yadi tano. Kuubeba unaweza kuubeba upande wowote, lakini kumrushia mwenzako ni kwa pembeni au nyuma tu. Ukienda mbele hata kidogo, mchezo unafutwa.

Kuna mtu hapa anaitwa Bwana Gideon Rusk. Ana kinu cha unga na ndiye mwenyekiti wa Bodi. Alikuja kutuangalia mazoezini akisema ana dakika kumi, akakaa mpaka ikabidi tumlishe farasi wake. Akanishika bega: "Kijana, mimi kemia siijui, hata harufu yake inaniumiza kichwa. Lakini Corliss wametuchapa miaka sita, na mji wao uko ng'ambo ya mto tu, kelele zao tunazisikia kanisani. Wafunge Siku ya Shukrani mwezi ujao, kura yangu na za rafiki zangu umezipata."

Profesa Wadleigh aliposikia alisaga meno. "Nilidhani tunachagua mtu wa maabara," akasema. Mimi sijali wananichagua kwa lipi, mradi wanichague. Unaona nilivyoharibika?

Lemuel


Tamarack Creek
28 Oktoba 1894

Lemuel,

Nimepata. Acha chupa zako usome taratibu.

Jumanne nzima Nils alikuwa Corliss. Kila nikisogeza jeupe, mekundu yake yote yanamkimbilia mwenye mpira kama kuku wanaoitiwa mahindi. Nikajiuliza, je, huyo mwenye mpira akiwa ni chambo tu? Angalia mchoro niliokuwekea. Yule Tolliver wako, mwenye mbio, anauchukua mpira na kukimbia kwa nguvu zake zote upande wa kulia. Corliss wote watamfuata. Burdett anakimbia sambamba naye, yadi nne pembeni, anajifanya hana habari. Tolliver akikaribia kukamatwa anaurusha pembeni moja kwa moja, na Burdett yuko peke yake na nyasi.

Nimeujaribu mara kumi na tisa. Nils amekasirika, amesema hachezi maharagwe tena na mwanamke huyu. Nimempa mkate wa tangawizi akarudi, nikamfunga tena.

Sijawahi kufurahi hivi, nakwambia kweli. Jana nilikamua ng'ombe mmoja mara mbili bila kujua, naye akanitazama tu.

Hulda


Chuo cha Ashby
11 Novemba 1894

Dada,

Habari mbili. Ya kwanza: mchezo wako ni balaa. Tumeufanyia mazoezi karibu wiki mbili, nyuma ya ghala ili Corliss wasichungulie, na hakuna aliyeweza kuuzuia. Vijana wanauita "Hulda". Burdett, ambaye ni mzito na hasifii kitu, amesema huyo dada yako apewe jezi. Mazoezini wanabadilishana zamu, hakuna anayekubali kubaki pembeni, kila mtu anataka kuwemo.

Ya pili: usimwambie Nils mpaka akae. Nimevunjika mtulinga. Ilikuwa jana, tulishinda, na daktari amenifunga mkono kifuani. Siku ya Shukrani sitacheza.

Tulia kwanza. Unajua desturi: waamuzi huletwa na vyuo vyenyewe, Corliss wanaleta mmoja wa kuangalia ugomvi, sisi mmoja wa kuangalia mpira. Mimi ndiye nitakayeangalia mpira, na Corliss wamekubali. Kepteni wao alinishika mkono mzima akasema, "Afadhali uwe na filimbi kuliko uwe na mpira." Kwa hiyo nitakuwa ndani ya uwanja, nitaona kila kitu kwa karibu, ila siruhusiwi kumwambia mtu wetu neno. Nadhani nitapasuka.

Lemuel


Tamarack Creek
18 Novemba 1894

Lemuel,

Mtulinga. Nimekaa, Nils naye amekaa, tumekusema vya kutosha, basi. Lala chali, usilale ubavu.

Siku ya Shukrani nitamwacha bata mzinga kwa Nils niende stesheni. Karani wa telegrafu ameniahidi kunisomea matokeo yakiingia. Nimemwambia namsubiri mjomba. Usijihangaishe kwa ajili yangu, ila nikuombe kitu kimoja: Tolliver aurushe mpira kwa mikono miwili.

Hulda


Chuo cha Ashby
30 Novemba 1894

Dada,

Utakuwa umeshasikia matokeo. Hukusikia yaliyotokea, na ni haki yako uyasikie kwangu.

Dakika mbili zilikuwa zimebaki. Corliss sita, sisi nne. Watu elfu mbili walikuwa wamesimama, Bwana Rusk amepanda juu ya gari lake, kofia ameshaipoteza. Vijana wakajipanga na nikaona kwa miguu yao wanachotaka kufanya. Tolliver akatoka mbio, Corliss wote nyuma yake, sawasawa na ulivyosema, kuku na mahindi. Akaurusha. Burdett akaudaka, akaenda yadi arobaini hakuna wa kumgusa, akaanguka nyuma ya mstari.

Dada, mpira ulikwenda mbele. Nilikuwa hatua sita kutoka hapo. Ulitoka mikononi mwa Tolliver juu ya mstari wa chokaa, na Burdett aliudaka karibu na mstari uliofuata. Yadi tatu, labda nne. Watu hawakuwa wanaangalia mistari. Mimi niliiangalia kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Filimbi ilikuwa mdomoni nikapiga.

Matope yakaanza kurushwa. Bwana Rusk alishuka garini akaja mpaka usoni pangu. "Corliss wamekupa nini?" akasema, mbele ya wote. Tolliver analia: "Kocha, nimeurusha pembeni, nakuapia kwa mama yangu, hata nyuma kidogo." Na Burdett anaapa vilevile. Hawa si waongo, nimewafundisha mwenyewe. Usiku kucha nimejiuliza imekuwaje watu wawili wakweli waone hivyo na mimi nione hivi.

Mchezo ulikuwa wako, na kiti kilikuwa chetu sote wawili. Nilijua yote hayo nilipopiga filimbi. Nisamehe.

Lemuel


Tamarack Creek
3 Desemba 1894

Lemuel,

Karani alisoma kwanza: "Ashby nane." Nilimkumbatia, mtu ambaye sijawahi hata kumpa mkono. Wanaume waliokuwa wanasubiri treni walitugeukia. Halafu mashine ikaanza tena kugonga, uso wake ukabadilika, akasema, "Samahani, bibie. Imefutwa. Mwamuzi ameifuta." Akaniuliza kama mjomba yu salama.

Nimetembea maili nne kurudi nyumbani na nimelia zote nne. Sanduku nilishalitoa darini, nilishalisugua kwa sabuni. Sitaki kukuficha nilivyojisikia. Mchezo niliupima mara kumi na tisa na haukuwa na kasoro. Tolliver kaapa, Burdett kaapa, watu elfu mbili wameona, na wewe peke yako, mwenye kila sababu ya kunyamaza, ukaona mstari wa chokaa. Hukuweza kupepesa jicho mara moja tu, kwa ajili yangu?

Usinijibu kwa sasa. Nils anakusalimia. Mimi sijui kama nakusalimia.

Hulda


Tamarack Creek
10 Desemba 1894

Kwa Profesa Enoch Wadleigh, Chuo cha Ashby

Mheshimiwa,

Hatujuani. Mimi ni ndugu wa Lemuel Stroud, na mchezo uliofutwa Siku ya Shukrani niliubuni mimi, mezani, kwa maharagwe. Nilimkasirikia sana alipoufuta. Kisha nikaona kwamba hasira yangu haijapimwa, nikaamua kuipima.

Theluji ilipoanguka nilifunga kitambaa chekundu kwenye nguzo ya uzio. Mtu wetu wa kazi aliendesha gari la theluji la kukokotwa na farasi kando ya uzio, nami nikakaa nyuma na pipa la matufaha. Kila kiwiko changu kilipofika usawa wa nguzo nilirusha tufaha pembeni moja kwa moja. Kisha tulipima umbali kutoka usawa wa nguzo mpaka shimo kwenye theluji. Gari likiwa limesimama, tufaha lilianguka usawa wa nguzo. Farasi akitembea, lilianguka futi mbili na inchi mbili mbele. Akienda mbio za wastani, futi sita na nusu. Akikimbia kwa nguvu, futi kumi na moja. Kila mwendo tumeurudia mara kumi na mbili. Karatasi ya vipimo nimeiambatanisha, na pale tulipokosea kupima nimeandika kwamba tumekosea.

Naomba ulione hili: mimi niliyekuwa garini sikuona tufaha likienda mbele hata mara moja. Machoni pangu lilibaki sambamba nami mpaka chini, kwa sababu nami nilikuwa naenda. Ningeapa, kama yule Tolliver alivyoapa, na ningekuwa mkweli kama yeye. Mtu akikimbia, mbio zake anaugawia na mpira. Maharagwe yangu hayakuwa na mbio, ndipo nilipokosea.

Mwamuzi alisimama akaangalia chini, akaona sawa. Sikuombi umpendelee. Nakuomba vipimo hivi virudiwe hapo kwenu na mtu asiyempenda.

Wako kwa heshima,
H. Stroud


Chuo cha Ashby
14 Desemba 1894

Dada,

Uliniambia nisikujibu, nimevumilia siku kumi na moja. Najua una hasira, na una haki, ila ukimya wako unaniumiza kuliko mfupa.

Kuna jambo lazima ulijue. Mkuu wa chuo cha Corliss ameniandikia. Wananipa kiti cha kemia, chao wenyewe, kuanzia Januari, bila kura wala maneno. Anasema wanamtaka mtu wa namna yangu. Niliitazama ile barua kama mtu mwenye njaa anavyotazama mkate. Uprofesa niliouota, umekuja kwa stempu ya senti mbili.

Nimekataa. Wakisikia hapa nimeenda Corliss, Tolliver na wenzake wataamini maisha yao yote kwamba niliwauza. Na Corliss hawapokei wanawake, hata kwenye maktaba wanawake hawaingii. Ningekaa kwenye kiti hicho nikikuona wewe dirishani na ndoo ya maziwa. Sasa sina Corliss, na hapa Ashby, Bwana Rusk ameshahesabu kura za kunikataa. Huenda nimekuwa mjinga mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Wanafunzi wakinipita wanaangalia viatu.

Profesa Wadleigh peke yake ndiye mchangamfu, na sielewi kwa nini. Leo kaniuliza kama najua mtu mwenye farasi mwenye mbio.

Lemuel


Tamarack Creek
17 Desemba 1894

Mdogo wangu,

Ulikuwa sahihi. Mchezo ulikuwa na kasoro, na kasoro ilikuwa kichwani mwangu. Nilikuomba upepese jicho, na naona aibu kwamba niliandika vile. Ungepepesa, ningekuwa na nafasi ya kusoma na nisingekuwa na mtu wa kumheshimu.

Kuhusu Corliss, umefanya vizuri, mjinga wangu. Niliposoma nilimsomea na Nils, akapangusa pua akasema ni baridi.

Usiniulize matufaha ya krismasi yameenda wapi. Na tarehe ishirini, hata wakikukataa, rudi nyumbani kichwa juu. Mkono ukipona, kuni zipo.

Dada yako, na nakusalimia,
Hulda


Chuo cha Ashby
20 Desemba 1894

Dada Hulda, ewe mwanamke mwenye siri,

Nimetoka kwenye baridi na bado nacheka, nitaandika ninavyoweza.

Leo saa nane Bodi ilikaa, watu tisa, mimi nikiwa kwenye korido. Nikasikia viti vinasukumwa, mara wote hao wanatoka na makoti yao. Mbele yao Profesa Wadleigh amekumbatia kikapu cha matufaha. Nyuma yao Bwana Rusk ameshika karatasi, uso mwekundu: "Nikimaliza nitaichana hii karatasi kwa mkono wangu." Nikatazama ile karatasi. Ule mwandiko ndio ulionifundisha herufi. Nikawafuata nje.

Bwana Rusk alikataa gari la mtu yeyote isipokuwa lake, na farasi wake mwenyewe, asije akachezewa. Wakafunga skafu kwenye mti mbele ya maktaba. Akarusha tufaha la kwanza. Likaanguka mbele ya mti.

"Upepo," akasema.

"Upepo gani, Gideon?" Mkuu wa chuo akamwuliza. "Moshi wa dohani umesimama wima."

Akarudia. Akamchapa farasi, akarudia tena, tufaha likaenda mbele zaidi. Wanafunzi wakatoka madarasani, wakajaa. Mara ya sita alisimama ndani ya gari linalokimbia, nikadhani tutamzika, akarusha kwa hasira zake zote na bado likaenda mbele. Akashuka akaenda kulitazama lile shimo. Akachuchumaa. Mzee wa watu alikaa pale muda, anapima kwa vidole.

Kisha akaita, "Tolliver yuko wapi?" Tolliver akapanda, akarusha, akageuka kuangalia theluji. Alishuka akanijia moja kwa moja, kati ya watu wote.

"Kocha, mimi sikudanganya."

"Najua."

"Na wewe hukudanganya."

"Sikudanganya."

Akanikumbatia kwenye mfupa uliovunjika. Nilipiga ukelele, watu wakadhani ni wa furaha, na kweli ulikuwa wa vyote viwili.

Walirudi ndani wakapiga kura. Watano wamenikubali, wanne wamenikataa. Mmoja wa wale wanne alisema wazi kwamba sheria ni sheria lakini Corliss ni Corliss. Mdogo wako ni Profesa wa Kemia, dada. Sharti ni moja: profesa hachezi. Nimekubali, na sitakuficha, nilipotoka nilipita uwanjani peke yangu nikasimama katikati yake. Nilipenda kuwa mle ndani. Kesho nakata nywele.

Bado hujasikia lililo kubwa. Nilikuwa nimeitwa ndani kutia sahihi, Bwana Rusk akagonga meza. "Na huyu H. Stroud," akasema, "aliyenirukisha garini kama mwendawazimu, mnamwacha shambani akamue ng'ombe? Maabara haina msaidizi. Napendekeza aajiriwe Januari, na hisabati asome anayoitaka, chuo kilipe." Mikono tisa ikapanda. Yote tisa, hata ya wale wanne. Karani akaandika, Mkuu akatia sahihi.

Nikafungua mdomo nieleze kwamba H. Stroud si mwanamume. Profesa Wadleigh, ambaye habari zako nimemsimulia toka Septemba mpaka amezikariri, alinikanyaga mguu chini ya meza, akatazama dari, akakohoa.

Kwa hiyo nimenyamaza, mara moja katika maisha yangu. Barua yao iko njiani kwako. Mimi nimepita kwa kura moja. Wewe umepita bila kupingwa.

Lemuel


Tamarack Creek
24 Desemba 1894

Kwa Bodi ya Wadhamini, Chuo cha Ashby

Waheshimiwa,

Nimepokea barua yenu ya uteuzi, ambayo mmeianza kwa kuniita Bwana. Nawasamehe.

Kazi nimeikubali. Masomo ya hisabati nimeyakubali kwa mikono miwili, na ningependa kuanza na darasa gumu. Nitashuka stesheni ya Ashby Jumanne tarehe nane Januari, treni ya saa nne asubuhi. Bwana Rusk ameandika kwamba atakuja mwenyewe kunipokea na farasi wake, kwa kuwa anataka kumpa mkono mtu aliyemshinda. Namshukuru sana. Asipate taabu kunitafuta kati ya wanaume watakaoshuka. Mimi ni yule mwanamke mrefu mwenye sanduku zito, na nitamwomba anishikie.

Wenu katika kazi,
Bi. Hulda Stroud
Msaidizi wa Maabara